Jiko la Moshi la Umeme: Namna ya Kuanza

Maneno yaliyosomwa mbele ya jamaa katika kikao cha asubuhi cha mkutano wa ukoo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa umoja wetu, wazee wangu, ndugu zangu, wakwe zetu, wana na wajukuu,

 

Kwanza kabisa sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana tena, sisi tuliotoka Maskati, Dubai, London, Toronto na pembe mbalimbali za nchi hii ya Marekani, pamoja na wale waliofunga safari ndefu kutoka Tanga na Unguja. Pili, naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi ya kusema machache. Kamati imenitaka nieleze namna ya kuanza kupika nyama kwa jiko la moshi la umeme, kwa sababu tangu mkutano uliopita jamaa wengi wamekuwa wakinipigia simu kuuliza habari hiyo. Mtumishi wa serikali, hata akistaafu, hawezi kuletewa swali lile lile mara kumi asitamani kulijibu kwa waraka mmoja. Huu basi ndio waraka wangu.

Kabla sijaingia katika mada, yafaa niwakumbushe jambo ambalo wengi wenu mlilishuhudia. Katika mkutano wetu wa mwaka 2018, hapa hapa Houston, nyuma ya nyumba ya binti yangu, mkwe wangu alikesha usiku mzima akipika kidari cha ng'ombe kwa moshi wa kuni. Yeye ni mwenyeji wa jimbo hili la Texas, na ufundi huo aliupata kwa baba yake. Alikuwa amezunguka mji mzima akitafuta bucha la halali lenye kidari kizima, ili sote tule bila ya wasiwasi. Ilipofika adhuhuri akakikata mbele yetu, na chini ya ukoko mweusi tukaona utando wa rangi ya waridi. Mimi, bila ya kuuliza, nikapaza sauti nikasema, "Nyama hii mbichi, wanangu msiile." Sahani zikarudishwa mezani. Mkwe wangu hakujibu neno. Alilifunika sinia, akalibeba ndani. Katika mkutano wa mwaka 2019 hakuonekana. Tuliambiwa ana kazi.

Nitalirudia jambo hilo mahali pake. Sasa na tulitazame jiko lenyewe.

Jiko la moshi la umeme ni kabati la chuma lenye kuta nene zilizotiwa kitu cha kuzuia joto lisitoke. Chini yake mna koili ya umeme. Juu ya koili pana kisahani cha kuwekea vibanzi vya mti. Juu yake pana karai la maji. Na juu ya karai zimepangwa chaga za kuwekea nyama. Nje pana kitufe cha kupangia joto, na juu au nyuma pana tundu la kutolea moshi lenye kifuniko. Koili hupasha kabati, na joto lake huvifanya vibanzi vitoe moshi bila ya kuwaka ndimi. Swichi hujizima na kujiwasha ili joto lisipande wala kushuka sana. Hii ndiyo tofauti kubwa baina yake na jiko la kuni, ambalo humtaka mpishi akeshe akichochea.

Akina mama wa ukoo huu hawahitaji kufundishwa kanuni ya jiko hili, kwa kuwa ni kanuni ya chetezo. Ukitia kibanzi cha udi juu ya kaa lililopamba moto, udi huungua, moshi ukawa mzito na harufu ikageuka kuwa ya kuudhi. Ukiliacha kaa litulie hadi livae majivu, udi hutoa moshi mwembamba na nyumba nzima ikanukia. Hali kadhalika, ndugu zetu wa Oman wanaifahamu shuwa, nyama inayotiwa viungo, ikafungwa kwa majani na kuzikwa katika tanuri la chini ya ardhi kwa siku nzima au hata mbili. Kupika kwa moto mdogo na subira nyingi si jambo geni kwetu. Nilipaswa kulikumbuka hilo mwaka 2018.

Sasa niingie katika mambo ya kuzingatia kabla ya kununua.

La kwanza ni umeme. Majiko mengi yanayouzwa hapa Marekani yametengenezwa kwa umeme wa volti 120. Jiko langu hutumia wati 800, yaani chini ya ampea 7, na soketi ya kawaida ya nyumbani hulimudu. Lakini umeme wa Oman, Dubai, Uingereza na huko nyumbani Tanzania ni wa volti 220 hadi 240. Nawasihi msinunue jiko hapa mkalitia katika mizigo ya ndege kwa kuwa ni rahisi. Likichomekwa huko koili itaungua, na huenda ikaunguza na mengine. Nunueni jiko linalolingana na umeme wa mahali mnapoishi. Aidha, chomekeni jiko moja kwa moja kwenye soketi ya nje yenye kikata umeme cha usalama. Waya mwembamba wa kuunganishia hupata moto na unaweza kuyeyuka.

La pili ni mahali. Jiko hili, japokuwa ni la umeme, halitumiki ndani ya nyumba, wala ndani ya gereji hata kama mlango wake umeachwa wazi. Vibanzi vinavyofuka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua. Liwekwe nje, mahali tambarare pasipovujiwa na mvua, mbali na ukuta wa mbao na mapazia. Wanaoishi katika maghorofa wapate kwanza ruhusa ya mwenye jengo kabla ya kuliweka kwenye roshani, maana majengo mengi hukataza. Mvua ikinyesha, jiko lizimwe.

La tatu ni la kufanya siku ya kwanza. Jiko jipya halipikiwi. Huwashwa tupu, bila ya nyama, kwa nyuzi 275 za Farenhaiti, yaani 135 za Selsiasi, kwa muda wa saa 3 hivi, na mwishoni hutiwa vibanzi kidogo. Lengo ni kuunguza mafuta ya kiwandani na harufu ya rangi, na kuupa ndani utando wa moshi. Kila jiko lina kitabu chake cha maelezo. Lifuateni hilo lenu. Tangu hapa, nitakapotaja nyuzi, nitataja kwanza za Farenhaiti, na za Selsiasi zitafuata katika mabano, ili jamaa wa pande zote wasipotee.

Sasa nifike kwenye kuni na moshi. Vibanzi vinavyofaa ni vya miti migumu: mwaloni, hikori, pekani, na miti ya matunda kama mtofaa na cheri. Hapa Texas wanapenda pia mti wa meskiti, ambao ni jamaa wa mathenge ule unaowasumbua wafugaji wa Baringo nchini Kenya. Moshi wake ni mkali, na anayeanza ni afadhali atumie kidogo tu. Msitumie msonobari wala mti wowote wenye utomvu, wala mbao zilizopakwa rangi au dawa.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Jiko langu nililinunua mwaka 2021, na naungama kwamba nia yangu haikuwa safi: nilitaka kumwonyesha mkwe wangu kwamba nyama ya moshi inaweza kupikwa ikaiva. Nikadhani kwamba moshi mwingi ndio utamu mwingi. Nikajaza kisahani cha vibanzi pomoni, nikaviloweka maji kama nilivyosikia watu wakisema, kisha nikafunga tundu la kutolea moshi ili usipotee hata kidogo. Jiko likatoa moshi mweupe mzito kama wa takataka mbichi. Kuku aliyetoka humo alikuwa mweusi, na ladha yake ilikuwa ya lami. Mke wangu alionja kipande kimoja, akauliza kama nimempaka dawa ya mchwa.

Kwa hiyo zingatieni haya. Tieni vibanzi vikavu, konzi moja kwa mara moja. Kuviloweka huchelewesha tu moshi na kutoa mvuke. Acheni tundu la kutolea moshi wazi, ili moshi uingie, uiguse nyama na uende zake. Moshi mzuri ni mwembamba, karibu na rangi ya samawati, na wakati mwingine hauonekani ila kwa harufu. Ongezeni konzi nyingine baada ya kila dakika 40 au 60 hivi, kwa muda wa saa 3 au 4 za mwanzo. Baada ya hapo nyama imeshachukua moshi wa kutosha, na kinachobaki ni joto tu.

Kuhusu nyama, anayeanza asianze na kidari. Aanze na mapaja ya kuku, kwa sababu ni rahisi kununua, huiva kwa muda mfupi, na yakizidi joto kidogo hayakauki upesi kama kidari cha kuku. Akishayaweza, aende kwenye bega la kondoo au mbuzi, ambalo huchukua muda wa saa 6 hadi 8. Kidari cha ng'ombe kiwe cha mwisho.

Nyama iliyoganda isiingizwe jikoni. Iyeyushwe ndani ya friji, na kwa nyama ya ratili 4 au 5 (kama kilo 2) hilo ni suala la siku nzima. Kuiacha mezani hadi iyeyuke ni hatari, maana nje hupata joto huku ndani ikiwa bado barafu. Vijidudu vya maradhi huzaana upesi baina ya nyuzi 40 na 140 (4 na 60). Kwa sababu hiyo hiyo jiko lipashwe kwanza hadi lifike nyuzi 225 (107) ndipo nyama iingie.

Juu ya viungo, wenyeji wa Texas hutosheka na chumvi na pilipili manga, na kwa ng'ombe nimekubali kwamba wana haki. Kwa kuku na mbuzi mimi huongeza kitunguu thaumu, tangawizi kavu, bizari nyembamba na pilipili kidogo. Nina onyo moja kwa wapishi wa mishikaki. Desturi yetu ya kupaka papai bichi ili kulainisha nyama haifai hapa. Mshikaki hukaa motoni kwa dakika chache tu, lakini nyama ya moshi hukaa katika joto dogo kwa muda mrefu, na papai huendelea na kazi yake wakati wote huo mpaka nyama ikawa kama uji. Nililijaribu hilo kwa bega la mbuzi, tukalila kwa kijiko.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo lililo muhimu kuliko yote, nalo ni kipimajoto.

Katika jaribio langu la tatu kuku alitoka na rangi nzuri ya dhahabu, amekauka vizuri kwa nje, na saa zilizoandikwa kwenye kitabu zilikuwa zimetimia. Nilikuwa tayari kumwandalia mke wangu na wageni wawili wazee. Lakini moyo haukutulia. Nikampigia binti yangu simu kumwuliza kuku huyu achukue muda gani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, mwenye kujua yupo hapa. Mwulize mwenyewe." Akampa simu mumewe.

Hatukuwa tumezungumza kwa muda wa miaka mitatu, ila salamu za sikukuu. Akanisikiliza, akauliza swali moja tu: kipimajoto kinasemaje? Nikajibu kwamba jiko limeandika 225. Akasema hilo ni joto la kabati, yeye anauliza joto la nyama. Sikuwa na jibu. Baada ya dakika 40 akawa mlangoni kwangu, na mkononi ana kipimajoto cha sindano. Akakichoma kwenye paja nene, pasipo kugusa mfupa, akanionyesha. Kilisoma 148. Kuku hutakiwa afike 165 (74). Yule kuku wangu wa dhahabu, ambaye ningewalisha wazee wale, alikuwa hajaiva.

Mkwe wangu hakusema neno juu ya mwaka 2018. Alimrudisha kuku jikoni, akakaa nami mpaka alipoiva, kisha akaniachia kile kipimajoto.

Basi yaandikeni haya mahali mtakapoyaona. Kuku wa aina yoyote afike nyuzi 165 (74), ingawa mapaja huwa laini zaidi yakifika 175 au 180 (79 au 82). Nyama ya kusaga ifike 160 (71). Pande zima la ng'ombe, kondoo au mbuzi ni salama likifika 145 (63) na kupumzishwa dakika 3, lakini kwa sehemu ngumu kama bega na kidari hiyo ni salama tu, bado si laini. Kipimeni kipimajoto chenyewe kwa maji yanayochemka, ambayo katika mji wa pwani kama huu yasome 212 (100), na kwa maji yaliyojaa barafu, ambayo yasome 32 (0). Hali kadhalika, msiuamini moja kwa moja mwandiko wa joto ulio mlangoni mwa jiko; langu lilikuwa likizidisha nyuzi 15. Na msifungue mlango kutazama. Kila ukifunguliwa joto hutoka, na koili huanza kazi upya.

Ngozi ya kuku katika jiko hili hubaki kama mpira, kwa kuwa joto ni dogo. Akishaiva, mtieni katika oveni ya kawaida yenye moto mkali kwa dakika chache, ngozi itakauka.

Sasa kidari. Kidari kizima cha ratili 12 (kama kilo 5 na nusu) huchukua, kwa nyuzi 225, muda wa saa 12 hadi 18. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika zaidi ya hapo. Kikifika nyuzi 150 hadi 170 (66 hadi 77), joto lake hugoma. Kipimajoto husimama pale pale kwa saa nyingi, na anayeanza hudhani jiko limeharibika, akaongeza moto. Asiongeze. Nyama inatoa jasho, na jasho linapokauka huipoza kadiri jiko linavyoipasha, kama vile maji ya mtungini yanavyopoa kwa sababu mtungi hutoa jasho. Anayetaka kuumaliza mgomo mapema aifunge nyama kwa karatasi ya foili. Ukoko utalainika kidogo, lakini joto litapanda. Asiyekuwa na haraka aiache, itapanda yenyewe.

Kidari kina kano ngumu zenye kolajeni, na kolajeni ikikaa muda mrefu katika joto huyeyuka ikawa jelatini, ndiyo ule ulaini unaonata vidoleni. Kazi hiyo hukamilika nyama ikikaribia nyuzi 200 (93), baina ya 195 na 205. Sindano ikiingia kama inavyoingia kwenye samli, kidari kimeiva. Kifungeni, mkiweke ndani ya kasha la kubebea barafu lisilo na barafu, kipumzike kwa muda wa saa 1 au zaidi, kisha mkikate kwa kukingama na mkondo wa nyama.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Sasa na niulipe ule wajibu nilioutaja mwanzo.

Mkwe wangu aliponiachia kipimajoto, nilianza kusoma. Wekundu wa nyama hutokana na kitu kiitwacho mayoglobini. Kuni zinapowaka hutoa gesi zenye naitrojeni. Gesi hizo huingia kwenye uso wa nyama wenye unyevu, zikashikamana na mayoglobini, na rangi ikabaki kuwa ya waridi hata nyama ikiiva kabisa. Ndiyo maana utando huo huwa pembezoni tu, chini ya ukoko. Nyama mbichi ingekuwa nyekundu katikati, mahali ambapo joto hufika mwisho. Kidari kile cha mwaka 2018 kilikuwa cha kahawia katikati na cha waridi pembeni. Nilikiona kwa macho yangu mawili, na sikujiuliza imekuwaje nyama ikaiva ndani na kubaki mbichi nje.

Zaidi ya hayo, jiko la umeme kwa kawaida halitoi utando huo, au hutoa hafifu mno, kwa kuwa vibanzi vyake hufuka tu bila ya kuwaka na gesi zile huwa kidogo. Kwa hiyo nyama yangu ikikatwa haina alama yoyote ya kumtia mtu shaka. Kuku wangu wa jaribio la tatu naye hakuwa na alama, na alikuwa hajaiva. Kidari cha mkwe wangu kilikuwa na alama, na kilikuwa kimeiva barabara.

Mkwe wangu yumo humu ukumbini, na binti yangu anamfasiria maneno haya. Mwaka 2021 tulipatana kimyakimya, kwa kukaa pamoja mbele ya jiko, na pengine yeye aliona yatosha. Mimi naona hayatoshi. Nilimvunjia heshima mbele ya jamaa wote, mbele ya mkewe na watoto wake, juu ya chakula alichokikeshea kwa ajili yetu. Kosa lililotendwa hadharani haliombewi radhi faraghani. Wahenga wamesema ukubwa ni jaa, nami leo naumwaga uchafu wangu mwenyewe. Baba, nyama yako ile ilikuwa imeiva. Mbichi nilikuwa mimi. Nakuomba radhi, mbele ya hawa waliokuwapo.

Naomba pia radhi kwenu nyinyi mliorudisha sahani kwa kunisikiliza mimi. Mlifanya vile kwa adabu, kwa sababu mkubwa amesema. Hilo limenifundisha kwamba mkubwa anaposema hana budi awe amepima kwanza.

Nimalizie kwa mambo mawili ya usalama. Nyama iliyobaki isikae nje zaidi ya muda wa saa 2, na hali ya hewa ikizidi nyuzi 90 (32), isizidi saa 1. Nawalenga hasa jamaa wa Maskati na Dubai wakati wa kiangazi, na sisi wa Houston hatuko mbali nao. Ikatweni vipande, muitie katika vyombo vya kina kifupi ipoe upesi ndani ya friji. Aidha, safisheni trei ya kupokelea mafuta kila baada ya kupika. Mafuta yakishika moto, msimwage maji juu ya chombo cha umeme: chomoeni waya ikiwa mnaweza kuufikia bila ya hatari, uacheni mlango umefungwa, mwite zima moto.

Anayetaka kujifunza kwa macho, leo usiku saa 3 tutaingiza vidari viwili nyuma ya nyumba ya binti yangu. Kimoja kitaingia katika jiko langu la umeme. Kingine katika jiko la mkwe wangu la kuni za mwaloni. Vijana waje na makoti mepesi, na waje na maswali, maana kuuliza si ujinga. Mtapewa kipimajoto mshike wenyewe. Sharti ni moja tu: hakuna kufungua mlango.

Kesho saa 10 alasiri, Mungu akipenda, tutakata. Kitakachoanza kukatwa ni kile cha mkwe wangu, chenye utando wa waridi, na kipande cha kwanza nitakila mimi, mbele yenu nyote.